Hela ya wikiendi Dar inaliwa na nini?

Tuseme mko wanne. Mmoja anakaa Mbagala, mmoja Kimara, wawili Sinza. Mshahara umeingia, na kwenye kundi la WhatsApp swali limeshatupwa tangu Alhamisi: wikiendi hii tunakula wapi? Majibu yanafahamika. Mmoja atataka Masaki kwa sababu ya upepo na picha. Mwingine atasema twendeni tukale mbuzi choma. Wa tatu atakumbusha kwamba yeye hali kitimoto wala hanywi pombe. Wa nne atanyamaza, kwa sababu anajua mfukoni ana shilingi ngapi. Makala hii ni ya huyo wa nne.

Bei nitakazotaja ni za kukadiria, zile ambazo mtu aliyezoea kula nje Dar es Salaam hashtuki akiziona. Kuna mitaa utalipa pungufu na kuna meza utalipa zaidi, ila uwiano wa bei na bei hauyumbi sana, na huo ndio ninaoutafuta. Wengi wetu tukilinganisha sehemu za kula tunalinganisha sahani: hapa wali kuku elfu tano, pale elfu ishirini na tano. Sahani ni sehemu tu ya hesabu. Pengo kubwa liko kwenye chupa, kwenye safari ya kurudi nyumbani, na kwenye ile saa nzima mnayokaa mkisubiri chakula kiive.

Chukua maji. Chupa ya lita moja na nusu dukani ni kama shilingi 1,000. Kwenye mgahawa wa Masaki chupa ya mililita 750 inaweza kufika 4,000. Ukipiga hesabu kwa lita, dukani unalipa kama 670 na mezani kama 5,300. Mara nane, na hakuna aliyewasha jiko. Bia ya nusu lita, iwe Kilimanjaro au Safari, kwenye baa ya kawaida ya Sinza tuseme ni 2,500, yaani shilingi tano kwa mililita. Masaki chupa ndogo ya mililita 330 ikiuzwa 7,000, kila mililita ni shilingi 21. Zaidi ya mara nne. Sasa njoo kwenye chakula: nyama choma pamoja na ndizi na kachumbari kwenye baa ya kawaida humwangukia kila mmoja kama 12,000, na sahani moja ya maana Masaki ni kama 30,000. Mara mbili na nusu.

Angalia mpangilio huo. Maji mara nane, bia mara nne, chakula mara mbili na nusu. Kinachopikwa ndicho kilichopandishwa bei kidogo zaidi, na kinachofunguliwa kizibo tu ndicho kilichopandishwa kuliko vyote. Ndiyo maana rafiki yetu anayebana matumizi kwa kukataa chakula na kusema “mimi nileteeni maji tu, nimeshiba” huwa anaumia pasipo kujua. Amekwepa bidhaa yenye nafuu kuliko zote mezani, akaagiza ile yenye faida kubwa kwa mwenye mgahawa.

Twende siku kwa siku.

Ijumaa usiku ngazi ya chini kabisa ni kijiwe cha chipsi. Zege, yaani chipsi mayai, ni kama 3,500, mishkaki 500 kwa kijiti, weka vinne, soda 1,000. Jumla 6,500 kwa kichwa, na kachumbari, pilipili na tomato hulipii. Kwa shibe, hakuna kinachoipita hesabu hiyo mjini. Tatizo lake ni kwamba mtamaliza kula ndani ya dakika ishirini, na benchi lile lina wateja wengine wanaolisubiri. Kijiwe hakikuwekwa kwa ajili ya watu wanne wenye miezi miwili ya umbea wa kuhadithiana. Kabla ya kuagiza chungulia karai: mafuta yakiwa meusi na yanatoa moshi kabla hata chipsi hazijaingia, nenda kijiwe cha pili, kwa kuwa lazima kipo hatua chache mbele.

Ngazi inayofuata ni katikati ya mji, mitaa ya Kisutu na pembezoni mwake, ambako wapishi wenye asili ya Kihindi na Kiarabu wamekuwa wakichoma kuku na kukaanga kababu miaka nenda miaka rudi. Mamboz, pale Mtaa wa Libya unapokutana na Barabara ya Morogoro, ndiyo inayotajwa zaidi: majiko barabarani, moshi, meza kando ya njia, kuku wa viungo, naan na vibakuli vya sosi. Bajeti ya 12,000 hadi 18,000 kwa mtu inakutosha kula ukaacha. Mambo mawili yanaifanya mitaa hii iwe ya nafuu kuliko inavyoonekana. Kwanza, mkaa umeshawaka na wateja ni wengi, kwa hiyo kuku hachelewi. Pili, hakuna pombe. Meza isiyo na pombe ina bili usiyoiogopa: mnaijua kabla haijaletwa. Na kwa kundi lenye Mwislamu asiyetaka kukaa baa, hapa hakuna anayemvumilia mwenzake. Wote mmekaa sawa.

Sasa nyama choma, ambayo ndiyo itakayoshinda kura kwenye kundi, kwa hiyo inastahili maneno mengi zaidi.

Baa nyingi huuza kwa kilo, na kilo hiyo ni ya nyama mbichi. Mbuzi tuseme 20,000. Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, uzito ukashuka kwa robo hadi theluthi, na mbuzi ana mifupa ya kutosha. Kwa hiyo kilo mliyoilipia inapofika mezani kwenye sinia, kinachoingia kinywani ni kama nusu kilo. Bei halisi ya mbuzi unayemtafuna, basi, ni kama 40,000 kwa kilo. Sisemi hivyo ili kumkatisha mtu tamaa. Nasema ili watu wanne wasiagize kilo moja wakidhani inatosha, kisha nusu saa baadaye waongeze kilo nyingine na kuanza kusubiri upya. Kilo mbili, na ndizi za kuchoma, ndizo saizi yenu.

Kitimoto kwa kilo huuzwa bei ya chini kuliko mbuzi, na mifupa yake ni michache, hivyo kwa wanaokula ndiyo nyama rahisi kuliko zote pale baa. Lakini katika kundi letu yupo asiyekula. Ukiuliza, baa nyingine hujibu kwamba wana majiko mawili. Uliza pia visu na mbao za kukatia. Mhudumu akianza kujikuna kichwa, jibu umeshalipata. Kuku wa kisasa mzima, kwa kama 15,000, akigawanywa vipande vinne anamaliza ubishi wa dini na wa mfuko kwa mpigo mmoja. Kuku wa kienyeji anakwenda hadi mara mbili ya hapo, na nyama yake ni chache na ngumu zaidi. Pale unalipia ladha na sifa, jambo ambalo mimi mwenyewe hulikubali nikiwa na hela.

Nyama ikatwe na ipimwe mbele yenu. Si kosa wala si dharau kumwambia mchomaji, “Kaka, weka kwenye mizani tuone.” Mizani inayotumika kibiashara inatakiwa iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, na mwenye mizani halali hakasiriki kuombwa aioneshe. Anayekasirika amekuokolea hela.

Hapa ndipo ile saa ya kusubiri inapoingia kwenye hesabu. Mbuzi hahitaji haraka. Kilo mbili kwenye mkaa wa wastani ni kama saa nzima, na Ijumaa yenye foleni ni zaidi. Baa haina haja ya kuwashawishi mnywe. Inawaacha tu mkae na njaa mbele ya friji. Watatu wanaokunywa wakizungusha raundi mbili kabla nyama haijaja, ni bia sita, 15,000, kabla hata meno hayajagusa kitu. Kisha nyama inakuja na chumvi na pilipili, na hiyo nayo inaita raundi.

Tuiweke bili yote mezani. Kilo mbili za mbuzi 40,000, ndizi na kachumbari 8,000: chakula ni 48,000. Bia tatu kwa kila mnywaji, 22,500. Soda mbili za asiyekunywa, 2,000. Jumla 72,500, kama 18,000 kwa mtu, na vinywaji ni theluthi moja ya bili. Ongeza raundi mbili zile za kusubiri, vinywaji vinafika 39,500, na mmekaribia kunywa hela sawa na mliyokula. Dawa yake ni simu. Piga saa kumi na moja jioni, agiza nyama, sema mtafika saa moja. Baa yoyote inayojiheshimu itaiweka jikoni, wengine wakitaka mtangulize nusu ya malipo kwa simu. Hakuna njia nyingine ya kupunguza bili ya nyama choma inayolingana na hiyo, na haigusi raha ya mtu yeyote.

Asubuhi ya Jumamosi sitakawia: supu ya mbuzi au makongoro na chapati mbili, kama 5,000 na chai, karibu na popote alipolala kila mmoja wenu. Kuvuka mji kwa ajili ya supu ni anasa isiyo na sababu. Kila mtaa wa Dar una mpishi wa supu anayeapa kwamba yake ndiyo inayoponya.

Mchana ndio wa samaki, na hapa kuna ushindani wa kweli kati ya kula hotelini na kula Feri. Soko la Samaki la Feri liko Kivukoni, mita chache kutoka kituo cha mwisho cha mwendokasi, kwa hiyo wa Kimara anafika kwa basi moja na wengine wana daladala za Posta. Utaratibu wake ni wa hatua, na kila hatua ina mlipwaji wake. Unanunua samaki: ama kwa mnada ukiwa umeamka mapema na mko tayari kuchukua fungu kubwa, ama kwa mchuuzi aliyenunua mnadani na sasa anauza mmoja mmoja. Unampa mparaji anayemkwangua magamba na kumtoa matumbo kwa pesa kidogo. Kisha unampelekea mkaangaji, ambaye anatoza kazi na mafuta. Ugali au chipsi, kachumbari na ndimu ni malipo ya pembeni. Kwa watu wanne, changu au tasi wa kutosha pamoja na malipo ya mparaji na mkaangaji ni kama 40,000 siku ya kawaida. Weka ugali na soda, kila mtu ametoa kama 13,000. Samaki yuleyule, akiwa mzima kwenye sahani pana na kipande cha limau, hoteli yenye kuangalia bahari itakuuzia mmoja kwa 30,000 au zaidi.

Nimesema siku ya kawaida, kwa sababu Feri bei inapangwa na bahari. Upepo wa kusi ukikaza, kati ya Juni na Agosti, ngalawa na mashua ndogo nyingi hazitoki na samaki anakuwa haba. Usiku wenye mbalamwezi dagaa hawafuati taa za wavuvi. Wikiendi nayo inaleta wanunuzi wengi kuliko Jumanne. Ukikuta changu amepanda, usibishane na bahari, geukia kibua. Kibua ni samaki anayedharauliwa bila sababu, ana mafuta yake, akikaangwa mkavu na pilipili ya ndimu anashinda changu aliyelala kwenye barafu siku mbili. Fungua shavu utazame rangi: jekundu ni zuri, kahawia mrudishe.

Ubaya wa Feri? Jua, harufu, sakafu yenye maji na meza chache za kukalia. Mwenye viatu vyeupe aviache nyumbani. Ukishakaangiwa unaweza kufungasha mkale kwa mmoja wenu, na mfuko nao unalipiwa siku hizi, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Kwangu, hela inayobaki ukilinganisha na hoteli ni kubwa mno kuiachia harufu. Ila ikiwa mmoja wenu amekuja na mchumba anayemtambulisha kwenu kwa mara ya kwanza, nendeni hotelini.

Na Masaki? Sitaki kumnyima mtu Masaki. Kukaa Slipway jua likizama, mashua zimelala kwenye ghuba na muziki hauzidi mazungumzo, ni raha ambayo baa ya Sinza haiwezi kuitoa hata ikijaribu. Swali ni mnanunua nini pale. Kwa viwango vya juu: sahani 30,000, kitafunio cha pamoja 5,000 kwa kila mmoja, vinywaji vitatu vya wastani wa 8,000 ni 24,000. Ni 59,000 kwa mtu. Zile 6,500 za zege, 5,000 za supu na 13,000 za Feri, pamoja na 6,000 za Coco Beach nitakazozieleza, zinajumlisha 30,500. Chakula cha usiku mmoja Masaki kinakaribia wikiendi mbili nzima za mtaani.

Lakini toa vile vinywaji vitatu uone. Inabaki 35,000. Kaeni Masaki saa mbili, kuleni vizuri, kila mtu kinywaji kimoja cha kushushia, kisha wanaotaka kunywa wahamie Kinondoni au Sinza ambako chupa ni 2,500. Masaki kula, Sinza kunywa. Watu wengi hufanya kinyume: wanashiba kwanza nyumbani “ili tusitumie sana”, halafu wanakwenda kunywa mahali ambapo kunywa ndiko ghali. Pizza moja kubwa kwa wawili ni njia nyingine ya heshima. Kwenda mchana badala ya usiku inasaidia pia, maana bahari ni ileile, sehemu nyingine zina menyu nyepesi ya mchana, na daladala bado zinatembea.

Kabla hamjaagiza, someni chini kabisa ya menyu, kwenye herufi zile ndogo. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Ikiwa bei zimeandikwa kwamba hazijajumuisha kodi, bili ya 200,000 inaweza kuja ikiwa 236,000, na mgahawa mwingine huongeza asilimia ya huduma juu yake. Ikiwa huduma imeshakatwa kwenye bili, bakshishi ya pili ni hiari yenu, msione haya. Na menyu ikiwa na bei za dola, kanuni zilizotoka Machi 2025 zimepiga marufuku kupanga bei za bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni. Ombeni bei ya shilingi. Risiti ya EFD nayo dai, hata mezani. Mbali na sheria, karatasi ile inaorodhesha kila chupa, na ndiyo itakayoonesha kama kuna bia mbili za meza ya jirani zilizohamia kwenu.

Usafiri niuseme hapa kwa sababu Masaki ndiko unakouma. Nauli ya daladala kwa safari fupi za mjini ilipandishwa na LATRA hadi shilingi 600 Desemba 2023. Rafiki wa Mbagala anaweza kufika Masaki kwa mabasi mawili kwa hela ndogo, lakini saa sita usiku atarudije? Gari la kuitwa kwa simu kutoka Masaki hadi Mbagala linaweza kula 15,000 hadi 20,000, na usiku wa wikiendi bei hupanda kadiri maombi yanavyozidi. Kwa hiyo bili yake ya Masaki si 59,000, inakaribia 80,000, wakati wale wa Sinza wanarudi kwa nusu ya nauli hiyo, tena wako wawili kwenye gari moja. Kundi linalochagua mahali bila kuuliza nani anakaa wapi linamtoza mmoja wao faini. Kariakoo na Kisutu zina faida hiyo ambayo haiandikwi kwenye menyu: njia za Mbagala, Kimara na Sinza zote zinaishia huko.

Jumapili chaguo mara nyingi ni Kigamboni au Coco Beach. Kigamboni ina fukwe nzuri zaidi, na kuvuka kwa pantoni kwa miguu ni shilingi 200, ingawa mkifika ng'ambo mnahitaji bajaji au bodaboda. Sehemu nyingi hutoza kiingilio. Ulizeni mlangoni swali moja tu: kiingilio kinarudi? Kuna wanaokukatia tiketi ya 10,000 ambayo baadaye unaitumia kama malipo ya chakula, na kuna wanaoimeza. Kile cha kwanza si gharama, ni malipo ya mapema. Cha pili ni bei ya kukanyaga mchanga. Na kwa kuwa karibu wote huzuia vyakula na vinywaji vya kutoka nje, mmeshafungwa mkono: maji, soda, chipsi, kila kitu ni kwa bei ya mwenyeji. Kuku wa kule huchukua muda usiopungua ule wa mbuzi wa Ijumaa, kwa hiyo agizeni kwanza, muogelee baadaye.

Coco Beach, pale Oysterbay, haina kiingilio wala haizuii kitu. Sahani ya mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili ni 2,000, mishkaki sita 3,000, juisi ya miwa 1,000. Hiyo ndiyo ile 6,000. Bahari ya Hindi mnayoitazama ni ileile wanayoitazama walioko kwenye mahoteli ya jirani. Kelele zipo, wauza karanga watawapitia kila dakika, na jioni ya Jumapili kupata mahali pa kuegesha gari ni kazi. Mimi ningechagua Coco bila kufikiri mara mbili, isipokuwa kama kuna watoto wanaotaka kuogelea kweli.

Bufee za Jumapili kwenye hoteli kubwa, za 60,000 na kwenda juu, zinamfaa mtu mmoja kati yenu wanne, na mnamjua. Waliobaki watakula sahani moja na nusu, kama wanavyokula siku zote, kisha wataona kinywaji hakikuwemo kwenye bei.

Limebaki suala la kugawana, linalovunja urafiki kuliko bei yenyewe. Kwetu aliyealika ndiye hulipa, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa sababu mtu akiandika “wikiendi hii nawapeleka Masaki” wengine wanaelewa ofa, na yeye alimaanisha atawaonesha njia. Semeni mapema kama ni ofa au ni mchango. Kama ni mchango, msigawe bili kwa nne. Kwenye ile bili ya baa yenye raundi mbili za ziada, jumla 87,500, kugawa sawa kunampa asiyekunywa kama 21,900, ilhali chakula chake na soda zake mbili ni 14,000. Amewanunulia wenzake bia tatu ambazo dini yake haimruhusu kunywa. Gawaneni chakula sawa, vinywaji kila kundi lijibebee.

Njia iliyo safi zaidi ni kuchanga kabla. Kila mtu anatuma kiasi kilekile Ijumaa asubuhi kwa mweka hazina, na mweka hazina awe yule asiyekunywa. Hakuna haja ya kutuma “na ya kutolea”, kwa kuwa hela haitatolewa kwa wakala. Itabaki kwenye simu na kulipwa kwa Lipa Namba ya biashara, si kwa namba binafsi ya mhudumu. Jina la biashara likitokea kwenye simu mnajua mmemlipa nani. Noti chache za elfu mbili na elfu tano zitolewe kwa ajili ya mparaji, mchomaji, wa mihogo na mhudumu aliyewahangaikia, maana hao hawahitaji kusubiri mtandao urudi. Ikibaki elfu nane au kumi Jumapili jioni, mweka hazina asianze kuirudisha kwa watu watatu na kukatwa mara tatu. Aiweke ya mbuzi wa mwezi ujao, akumbuke kupiga simu saa kumi na moja.